Bata la Theluji: Kutoka Mkata Hadi Mteremkoni Bila Kuingizwa Mjini

Sikia mwanangu. Zanzibar imeshaliwa. Kila mtu ana picha ya Nungwi: miguu mchangani, dafu mkononi, kapsheni ya Kiingereza cha kuokoteza. Mpaka fundi pikipiki wa pale njia ya Handeni anayo. Lushoto nayo imeisha, kila mwenye nauli ya Mombo ameshasimama Irente akanyoosha mikono kama anataka kuruka. Mikumi wameimaliza wale wa "twende kikundi, lipa kidogo kidogo". Kilichobaki mezani ni kimoja tu, na hakuna msela wa Mkata aliyekigusa: bata la kwenye theluji. Ski, mwana. Mbao ndefu miguuni, miwani ya kioo cha rangi usoni, mlima mweupe kwa nyuma. Ukipost hiyo, stendi nzima inasimama. Basi la Moshi linasahau kupakia.

Hili dili nimelichimba mpaka chini na nakupa lote. Msimamo wangu uko wazi: mtoto wa Mkata anaweza kwenda kuteleza, na anaweza kwenda bila kuuza shamba la ukoo. Ila apange kwa akili, achague mlima wa saizi yake, na asimsikilize mtu yeyote aliyezaliwa kabla ya Azimio la Arusha.

Tuwamalize kwanza hao wa kabla ya Azimio. Pale kwenye bao, chini ya mwembe, ukitaja theluji tu unapewa semina. Wa kwanza atasema theluji ni mambo ya wazungu. Mzee, theluji iko Kilimanjaro, na mabasi yanayotupita hapa usiku na mchana yanaenda kulala chini yake. Wa pili atasema damu ya Mzigua haikuumbiwa baridi. Wa tatu, yule anayejua kila kitu mpaka bei ya dhahabu, atasema ukivuta ile hewa mapafu yanaganda papo hapo. Waache wamwage. Wakimaliza, wataje mtu mmoja: Philip Boit.

Huyu mwamba ni wa Eldoret, Kenya. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 Nike wakamchukua yeye na mwenzake, Henry Bitok, wakawapeleka Finland kujifunza ski za kutembelea masafa, mtu hajawahi kugusa theluji maishani. Februari 1998 yuko Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya baridi, kilomita 10. Akamaliza wa 92, wa mwisho kabisa. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, gwiji la gwiji, alikuwa ameshamaliza zamani. Akagoma kwenda kuvalishwa medali. Akasimama pale kwenye mstari dakika karibu 20 akimsubiri Mkenya afike amkumbatie. Boit akarudi nyumbani, mtoto alipozaliwa akampa jina Dæhlie. Na hakuishia hapo, akaenda tena Salt Lake City 2002 na Turin 2006. Hiyo heshima ya Dæhlie mimi huwa inanisisimua mpaka leo. Mapafu hayakuganda.

Kuna na dada yake wa kizazi chetu, Sabrina Simader. Kazaliwa Kilifi 1998, akahamia Austria akiwa mdogo sana, 2018 akashuka milima ya Pyeongchang kwa bendera ya Kenya. Kilifi, mwana! Nazi na korosho, kama huku kwetu Tanga tu. Sisi Bongo bado hatujapeleka mtu hata mmoja kwenye Olimpiki ya baridi. Nafasi iko wazi, inasubiri mwenye magoti imara.

Sasa najua unachowaza. "Si tupande tu Kilimanjaro, bure bure, mlima wetu?" Tulia. Kuteleza Kibo kumewahi kufanyika kweli. Mwaka 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kileleni wakiwa na ski zao, wakashuka nazo. Barafu iliyoko ndani ya kreta mpaka leo ina jina la Furtwängler. Lakini hiyo ilikuwa 1912. Ile barafu waliyoiona wao, kufika 2007 asilimia 85 ilikuwa imeshayeyuka. Kilichobaki ni kuta za barafu ngumu, mawe, na vumbi la volkeno kwenye mita 5,895 ambako hata kuvua glavu ni kazi ya kukata pumzi. Hakuna lifti. Hakuna pa kukodi ski. Hakuna mwalimu. Na si bure: kiingilio cha hifadhi ni kwa siku, halafu waje waongozaji, wapagazi, mpishi. Kilimanjaro panda kwa heshima yake. Ski tafuta kwingine.

Kwingine wapi? Ulaya ndiyo kila mtu anakimbilia kuitaja. Courchevel, Zermatt, St. Moritz. Ukiyataja hayo majina tu, akaunti inatetemeka. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, hapo ni laki mbili na nusu na ushee, na ukinyimwa hairudi. Wanataka bima ya kufunika yuro 30,000 kwenda juu. Wanataka taarifa ya benki inayoonyesha mkwanja unaingia na kutoka kiutu uzima, sio ile umekopa milioni mbili Jumatatu ukaziweka uonekane tajiri Alhamisi. Hiyo wanainusa. Ukikomaa na Ulaya, basi piga jicho Bansko, Bulgaria. Ni kati ya sehemu nafuu kabisa za kuteleza Ulaya, na tangu Januari 2025 Bulgaria imeingia Schengen mzima mzima, kwa hiyo viza ni ileile. Marekani potezea. Pale Vail, Colorado, tiketi ya lifti dirishani msimu ukipamba moto imepita dola 300. Kwa siku moja! Zaidi ya laki saba za kukalia kiti kinachokupandisha mlima. Hicho kiti kingekuwa na nyama choma na masaji hapo tungeongea.

Dubai ni kwa wanaotaka picha haraka. Ski Dubai iko ndani ya jengo la maduka, Mall of the Emirates, tangu 2005. Joto nje linakaanga yai, ndani ni nyuzi sifuri na kushuka kidogo. Eneo lote ni mita za mraba 22,500, njia ndefu kuliko zote ina mita 400, na kuna pengwini wa kweli. Koti, suruali na viatu unapewa humohumo. Ubaya wake: paa. Kila picha ina dari. Halafu ukisema umeenda Dubai, hakuna anayeshtuka, mama wa vitenge wa Kariakoo anaenda kila mwezi. Kama una shangazi kule au safari ya mzigo, unga tela, piga masaa yako mawili, rudi. Kuifunga safari nzima kwa ajili ya dari, hapana. Morocco nayo wana Oukaïmeden, kama kilomita 80 kutoka Marrakech, kule ambako punda wanapandisha watu na vifaa mlimani. Fresh sana, ila viza unaomba, na ndege unaunganisha.

Jibu, mwanangu, liko Bondeni, upande wa Sauzi. Afriski, kituo cha ski cha Lesotho.

Lesotho ni nchi iliyozungukwa yote na Sauzi, na ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000. Hawana bonde la kujificha baridi. Afriski iko kwenye milima ya Maluti, juu ya mteremko ni mita 3,222. Nikupe picha: hapo umepita kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro, hujafika Horombo. Lushoto yako unayoivalia sweta haifiki nusu ya hapo. Mteremko mkuu una urefu wa kilomita moja, kuna wa wanafunzi pembeni, kuna mashine za kutengeneza theluji mbingu ikizingua. Ni Juni mpaka Agosti tu. Yaani wakati kipupwe kinatupiga hapa na machungwa yamejaa Michungwani, kule ndiyo msimu umeiva.

Kwa nini naitetea namna hii? Moja kubwa: viza. Sauzi Mtanzania unaingia bila viza, mpaka siku 90 kwa mwaka. Lesotho ni wenzetu wa SADC, thibitisha masharti yao ya siku hizo kabla hujalipa chochote, uwe na maandishi. Pesa yao, loti, iko sawa na randi, moja kwa moja, na randi unaitumia kule bila kubadilisha. Randi moja ni shilingi mia moja na ushee tu. Sio dola. Unavuta pumzi. Na vibe lake ni la Kiafrika: Wasotho wenyewe wanatembea na mablanketi mazito mabegani, yenye michoro mikali, wamependeza kuliko jaketi lolote la milioni. Mtelezaji na mchunga kondoo wanapishana barabara moja. Hiyo huipati Courchevel hata ulie.

Njia ni hii. Dar mpaka Joburg kwa ndege ya moja kwa moja ni kama saa tatu na nusu. Kutoka Joburg unashika barabara kama saa tano: Fouriesburg, mpaka wa Caledonspoort, Butha-Buthe, halafu unaanza kukata kona za Moteng mpaka masikio yanaziba. Kukodi gari washkaji wanne ndiyo dili, mkagawana. Dereva awe mzoefu. Theluji ikimwagika barabara inaweza kufungwa, na ule sio mlima wa kumpa mtu aliyejifunzia gari kwenye kiwanja cha mpira. Kuna wanaofikiria kwenda kwa basi kupitia Tunduma. Inawezekana, ndugu zetu kibao wameenda Sauzi hivyo kutafuta maisha. Lakini kwa bata? Utafika umechoka, magoti yamekufa, likizo imeishia Zambia.

Tarehe zina akili yake. Shule za Sauzi zinafunga Juni mpaka ndani ya Julai. Hapo Afriski inajaa watoto wa kishua, foleni ya lifti kama ya mchele wa ruzuku, na bei za vyumba zinapanda. Wewe lenga Agosti mwanzoni, katikati ya wiki. Chumba mlimani ni bei, kwa hiyo lala Butha-Buthe au upande wa Fouriesburg, panda asubuhi. Na funga booking miezi kadhaa kabla. Kitanda cha dakika za mwisho mlimani unakilipia kwa machozi.

Halafu pasipoti. Hapa ndipo wengi wanakwama wakiwa bado Mkata. Ada ni 150,000, inakaa miaka kumi, kwa hiyo ukigawanya ni 15,000 kwa mwaka: vocha za wiki kadhaa tu. Unajaza fomu kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, unaenda kupigwa picha na alama za vidole. Wanataka NIDA, wanataka cheti chako cha kuzaliwa, na wanataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au kiapo cha kuzaliwa kama hana. Umeona mtego? Yule yule wa kabla ya Azimio, aliyesema mapafu yanaganda, ndiye ameshika karatasi yako. Iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na kadi za chama na risiti za pamba za mwaka 1974. Kwa hiyo masihara ya kijiweni yana mipaka. Mpelekee sukari kilo mbili, msikilize semina yake ya mapafu mpaka mwisho, ondoka na cheti.

Sasa viwalo. Hapa mtoto wa Mkata anawapiga bao watoto wa Masaki wote. Umewahi kuliangalia vizuri koti la mwana wa boda pale stendi, saa kumi na moja alfajiri, amelivaa mbele nyuma kukinga upepo? Liangalie. Mkono wa kushoto, karibu na kifundo, lina kimfuko kidogo cha zipu ambacho kila mtu anadhani ni cha vocha. Hicho ni cha kadi ya lifti. Unapita geti la mlimani, mashine inaisoma kadi kupitia kitambaa, geti linafunguka, mikono yako haijagusa kitu. Ndani kiunoni kuna kisketi chenye lastiki na vifungo ambacho mafundi wetu wanakikata kwa kudhani ni takataka. Kile kinazuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Kuna moja nimeliona, kwenye mdomo wa zipu bado lina waya mwembamba na karatasi iliyofifia imekunjwa juu yake: tiketi ya lifti ya Marekani. Hilo koti limeshateleza milima ambayo wewe unaiota, sasa hivi linapeleka abiria Kwamsisi!

Kwa hiyo usinunue koti jipya. Siku ya gulio subiri belo la majaketi likatwe, ingia mapema, tafuta vitu vitatu: kimfuko cha mkono, kisketi cha ndani, na mshono uliobandikwa utepe kwa ndani, maana huo ndio unaozuia maji. Chata kubwa kifuani sio hoja. Suruali ya kuzuia maji nayo hupatikana, watu huwa wanaipita wakidhani ni ya mvuvi. Ski zenyewe, fimbo, viatu na helmeti unakodi kule kule mlimani. Asikudanganye mtu ununue.

Na soo ziko hapa, zishike. Jinzi mlimani ni soo: inalowa, inaganda, inakuwa bati. Soksi mbili mbili ni soo kubwa zaidi, maana kiatu cha ski kinabana kama koleo na soksi ya pili inajikunja inakukata damu. Vaa moja ndefu, nyembamba, ya sufu. Fulana ya pamba ndani nayo hapana, inanyonya jasho na kukupoza. Kukataa mafuta ya jua eti "mimi mweusi" ni soo ya kujitakia: jua la mita 3,000 linapiga toka juu, theluji inalirudisha toka chini, utarudi umebabuka chini ya kidevu. Na kukataa darasa, hiyo ndiyo soo mama.

Chukua darasa siku ya kwanza. Asubuhi nzima. Mwalimu atakufundisha kusimama, kuanguka, na kuvunja mwendo kwa kuleta ncha za mbele karibu na kutanua nyuma, V kichwa chini. Kifua mbele, magoti yamekunjwa, macho mbali. Kosa la kila mgeni ni kuegemea nyuma kwa woga. Ukiegemea nyuma, ski zinapata uhuru, wewe umeshakuwa abiria. Njia zimepangwa kwa rangi, na kwa mfumo wa Ulaya kijani na bluu ni zako, nyekundu ni ya mwakani, nyeusi waachie wenye bima nzito. Kunywa maji mengi siku ya kwanza na pombe iache, kichwa kitauma tu kwa ule urefu. Na kabla ya safari, nenda Lushoto Julai wikendi moja, shuka Irente kwa miguu mara kadhaa bila kusimama. Mapaja yakilia, ujue hujawa tayari. Chuchumaa kila asubuhi, ruka kamba, utanishukuru.

Bima usiruke. Iandikwe wazi kwamba inafunika ski, maana nyingi za kawaida zinaichomoa kwenye maandishi madogo. Goti likienda mlimani, kukushusha tu ni bili.

Imebaki hela, na hapa ndipo ndoto nyingi zinafia. Usichukue kausha damu. Mkopo wa kulipa kila siku kwa ajili ya bata la siku nne, utateleza hata ukiwa kitandani. Usitegemee mkeka, timu moja tu ikichana umepoteza Lesotho nzima. Na yule "ajenti" wa WhatsApp mwenye picha ya Burj Khalifa, anayetaka nusu ya pesa leo usiku kwa sababu ofa inaisha, huyo anakuingiza mjini. Lipa mwenyewe. Tengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu yako, lipa hoteli na ndege kwenye tovuti zao, na namba ya booking ihakiki kwenye tovuti ya ndege yenyewe kabla hujamwambia mtu.

Njia ya kweli ni upatu. Washkaji wanne, mwaka mzima, msimu huu wa machungwa na mahindi unalipia msimu ujao wa theluji. Ndege kwanza, maana ndiyo inapanda bei. Chumba cha pili. Hela ya mlimani mwisho. Mshika hazina chagueni kwa makini. Awe yule dada wa duka la vipodozi asiyemkopesha mtu hata pipi, anayehesabu chenji mara tatu mbele yako. Mkimpa mwana wa mkeka kwa sababu ni mshikaji, mtaishia Segera.